Kununua mavazi ya baridi katika Soko la Monastery, Delhi

Ndugu, umeuliza iwapo Soko la Monastery la Delhi, linalosifika kwa mavazi ya baridi na bidhaa kutoka nje, linamfaa msafiri anayeelekea milimani. Linafaa sana, kwa kuwa lipo karibu na kituo cha mabasi cha Kashmere Gate, ambako pia njia tatu za metro hukutana. Nakusihi tu uchunguze kila koti kwa mikono yako: libonyeze uone kama linaumuka tena upesi, kama lifanyavyo lililojazwa manyoya mazuri ya bata, kisha uvute zipu mara kadhaa na kutazama mishono ya ndani, maana nembo maarufu iliyoshonwa kifuani haithibitishi ubora wowote. Kupatana bei ni kawaida, na fedha taslimu zitakusaidia.