Maswali na Majibu: Wewe Unaondoka, Mwenyeji Anabaki

Safari hii barua nyingi zinahusu sanaa shirikishi, yaani kazi ambazo mtazamaji au mwenyeji naye ni mshiriki. Zile za "wafadhili wanapatikana wapi" nimeziweka kando. Nimeshazijibu, na jibu halijabadilika: anza na kazi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni kweli maonyesho yanayomwingiza mtazamaji ndani yake yalianzia Ulaya? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Jibu: Marahaba. Uko Bagamoyo halafu unaniuliza mimi? Ngoma ya mdundiko ikipita mtaani kwenu, nionyeshe mtazamaji ni nani.

Swali: Tunaandaa igizo kuhusu mgogoro wa ardhi, na waigizaji ni wanakijiji wenyewe. Fomu za ridhaa wameshasaini wote. Kuna kingine? (Kikundi cha sanaa, Morogoro)

Jibu: Kilichobaki ni karibu kila kitu. Fomu inakilinda kikundi chenu. Haimlindi mama atakayesimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kutaja kwa sauti nani kauza eneo la malisho. Nyinyi jioni mnapanda gari. Yeye kesho yake anachota maji kisima kimoja na mke wa aliyetajwa.

Someni habari za Kamiriithu, kule Limuru, Kenya. Mwaka 1976 wanakijiji walianza na kisomo cha watu wazima, kisha wakaingia kwenye mchezo wa kuigiza wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wengi wanaishia hapo: waandishi wawili, jela, sifa. Wanasahau kwamba rasimu ilipowekwa mbele ya wakulima na vibarua, waliikosoa. Mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo, na waandishi wakarekebisha. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila mpita njia na neno lake. Ukumbi usio na paa, wa kuketisha watu zaidi ya 2,000, waliujenga wenyewe. Mimi ushiriki ninaupima hapo: je, mwenyeji anaweza kukufutia sentensi uliyoipenda, ukakubali?

Sasa hesabu ya gharama. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Waandishi wote wawili waliishia uhamishoni. Wanakijiji walibaki Limuru na kiwanja kitupu.

Sisemi muache. Nasema kabla ya mazoezi ya kwanza kaeni na waigizaji, mfadhili asiwepo, mwenyekiti asiwepo, muulizane: tukimtaja huyu, atamfanya nini nani? Atakayesema "mimi simo" asiulizwe mara ya pili, na posho yake ya siku hiyo apewe. Mkishindwa kulipa posho ya mtu aliyekataa, basi hizo saini mlizinunua.

Swali: Naweza kupiga picha za watoto wakati wa onyesho kwa ajili ya ripoti? (Afisa mradi, Dodoma)

Jibu: Hapana. Na mkiniuliza tena mwezi ujao, hapana.

Swali: Tukiwalipa washiriki vizuri, suala la maadili si limekwisha? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mwaka 2000, Salamanca, Hispania, msanii Santiago Sierra aliwalipa wanawake wanne waliokuwa wakijiuza na wenye uraibu wa heroini. Kila mmoja alipata fedha za kununulia dozi moja, nao wakakubali kuchorwa tatuu mgongoni, mstari mmoja wenye urefu wa sentimita 160 ukipita kwa wote wanne. Walikubali, walilipwa, hakuna aliyedanganywa. Kuna wanaomtetea kwamba alikuwa anaufichua unyonyaji. Sawa, lakini mstari uko kwenye migongo ya nani? Lipeni vizuri, tena mapema, si baada ya ripoti kupitishwa. Ila msidhani malipo yanajibu swali ambalo hamkuliuliza.

Swali: Mbona mnawasakama wageni? Yule Mfaransa aliyeweka picha juu ya mapaa ya Kibera aliwasaidia watu. (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Simsakami. Mwaka 2009 msanii huyo, JR, alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa kwa nyuso na macho ya wanawake wa hapo, na alitumia vinaili, plastiki isiyopitisha maji, ili mvua ikinyesha nyumba zisivuje. Hiyo ni heshima, kwa sababu aliuliza paa linahitaji nini. Wasanii wetu wangapi wa hapahapa wamechora ukuta wa mtu na kuuacha na nyufa zake? Swali langu kwake ni jingine: picha iliyopigwa kutoka juu imezunguka dunia na jina lake, na macho yale yana wenyewe.

Swali: Wale wachongaji wa mashamba ya mawese ya Lusanga, wanafaidi au wanatumiwa? (Msomaji, Bukavu)

Jibu: Yote mawili, na wao wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Lusanga, huko Kongo, zamani iliitwa Leverville, mji wa mashamba ya kampuni iliyokuja kuwa Unilever, ambayo baadaye ilidhamini maonyesho makubwa kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London. Chama chao cha wasanii, CATPC, kilianza 2014 pamoja na msanii Mholanzi Renzo Martens. Wanafinyanga sanamu za udongo, zinatolewa nakala kwa chokoleti, zinauzwa ng'ambo, na fedha zinanunua ardhi. Mwaka 2024 waliiwakilisha Uholanzi kwenye banda lake katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, na wakati huohuo sanamu ya afisa Mbelgiji Maximilien Balot, iliyochongwa baada ya uasi wa Wapende, watu wa Kongo, wa 1931, iliazimwa kutoka jumba la makumbusho la Virginia ikarudi Lusanga. Kuazimwa, jamani, kitu kilichotoka kwao! Martens amelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki. Lakini ukinionyesha mradi wa mtaani kwetu uliowaachia washiriki hata robo eka, nitauandika hapa kwa herufi kubwa.

Swali: Nataka kutengeneza kazi ya uhalisia pepe (VR, ile ya kuvaa miwani) kuhusu kambi ya wakimbizi, mtazamaji ajihisi yuko mle. (Mtayarishaji, Kigoma)

Jibu: Ilishafanywa kwenye kambi ya Zaatari, Jordan: filamu kuhusu msichana Sidra ilionyeshwa kwa wakubwa kwenye mkutano wa viongozi na matajiri kule Davos, Uswisi, mwaka 2015. Mkubwa akivua miwani yuko Davos. Kabla ya kuwasha kamera, mwambie unayemrekodi jinsi ya kukupata siku akitaka uso wake utolewe, na uwe unaweza kweli kuutoa. Kama huwezi, rekodi sauti.

Swali: Mradi umeisha na bajeti imeisha. Kuna ulazima wa kurudi kijijini? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndiyo. Na wewe hapo Mwanza huna kisingizio. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya maigizo na wanakijiji wa Malya, mkoani kwenu, mwaka 1982 na 1983, kwa kwenda na kurudi, na tatizo la kuigizwa hawakulibeba kutoka Dar. Kodi basi, beba nakala ya video, kaeni muitazame wote, na waambie fedha zilitumikaje. Watakuuliza kuhusu fedha kabla hujakaa. Jibu.