Kwotesheni yako ndiyo inayokutangulia hotelini

Kaka, nimekuelewa: kazi ya AC waijua, lakini hoteli za Nyali zikishapokea kwotesheni yako, yaani karatasi ya makadirio ya bei ya kazi, hunyamaza. Huenda bei si tatizo. Wasema waandika kwa mkono kwenye kitabu cha risiti, wapiga picha, watuma WhatsApp. Meneja haoni ufundi wako. Aona kivuli cha kidole chako juu ya karatasi.

Yalinipata hayo hayo. Kadi zangu za kwanza za biashara zilikuwa za karatasi nyembamba. Kwa unyevu wa hapa Mombasa zilijikunja mfukoni na wino ukanigandia vidoleni. Siku hizi nachukua karatasi nzito, ya gramu 300 au 350 kwa mita ya mraba, iliyopakwa plastiki isiyong'aa. Mwambie mchapishaji akutolee moja ya kujaribu kabla hujalipia kadi mia tano, kwani rangi ya kwenye simu hutoka tofauti ikichapishwa.

Lakini anza na kwotesheni, kadi baadaye. Ukurasa mmoja wa PDF: jina, simu, PIN ya KRA (namba yako ya mlipakodi), kila kazi na bei yake, muda wa dhamana, na tarehe ambayo bei hizo zitakoma. Rangi mbili zatosha. Ile picha ya kipande cha barafu kinachocheka uliyoweka juu ya kwotesheni yako, samahani, itoe.

Usichukue nembo ya mtu mtandaoni. Kama imesajiliwa, waweza kuletewa barua ya wakili. Wala usiandike "kampuni" kama hujasajili. Hoteli ikikubali itataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Hapo muone mhasibu mapema, kabla ya kushika spana.