Je, makala za malaria ni fasihi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naandika ikisiri ya Kiswahili ya tasnifu yangu ya uzamili. Nimeandika: “Tulifanya utafiti wa fasihi ya malaria na ujauzito katika PubMed na Embase.” Msimamizi wangu ameizungushia sentensi yote wino mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Kosa si moja, na nitaanza na linaloniuma zaidi: fasihi.

Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, shina moja na fasaha, na kiini chake ni uzuri na uwazi wa usemi. Kwetu likawa jina la sanaa ya lugha: hadithi, ushairi, tamthilia, na hata methali na vitendawili, ambavyo kila mwanafunzi wa sekondari anajua kuviita fasihi simulizi. Ripoti ya majaribio ya dawa haimo humo. Waingereza wana neno moja linalobeba mashairi na makala za sayansi pia. Sisi hatuna, wala hatulihitaji. Wapo wanaosema “mapitio ya fasihi” yameshazoeleka, tuyaache. Sikubali, kwa sababu machapisho ni neno jepesi na linaeleweka na kila mtu. Na kama ulitafuta pia ripoti za wizara au tasnifu zilizobaki makabatini, andika maandiko ya kitaalamu. Wanaofanya mapitio ya kitabibu huyasaka hayo kwa makusudi, maana jaribio ambalo dawa yake haikuonyesha nafuu huwa rahisi zaidi kubaki bila kuchapishwa, na ukiliacha nje dawa itaonekana bora kuliko ilivyo.

Utafiti nao si utafutaji. Utafiti ni kazi yote, kuanzia swali hadi hitimisho. Ulichofanya ndani ya PubMed na Embase, hazina za mtandaoni za makala za tiba, ni kutafuta. Mpango wake, yaani maneno uliyochagua na jinsi ulivyoyaunganisha, ni mkakati wa utafutaji.

Sasa “na”, kaneno kadogo kenye mtego mkubwa. Ukiagiza chai na maandazi, unaletewa vyote viwili: “na” yetu inaongeza. Katika hifadhidata (Tanzania wengi husema kanzidata), kiunganishi hichohicho (AND ya Kiingereza) kinapunguza: hubakiza makala zinazogusa mambo yote mawili tu. Kinachoongeza ni “au” (OR). Kwa hiyo “malaria na ujauzito” inaweza kusomeka kwamba ulikusanya makala zote za malaria, kisha zote za ujauzito. Sema malaria kwa wajawazito, utata uishe.

Kuhusu “kimfumo”, neno ambalo hukulitaja ila utalihitaji: silipendi sana, kwa kuwa katika afya mfumo ni wa upumuaji au wa utoaji huduma. Lakini mapitio ya kimfumo yameshapata wenyewe. Yatumie, ila mara ya kwanza eleza kwamba ni mapitio yanayofuata utaratibu uliopangwa kabla, ambao mwingine anaweza kuurudia.

Sentensi yako basi: “Katika mapitio haya ya kimfumo, tulitafuta katika PubMed na Embase machapisho yanayohusu malaria kwa wajawazito.” Mkakati wenyewe uweke kwenye kiambatisho kama ulivyouchapa, bila kuutafsiri, kwa kila hifadhidata, kwani mwongozo wa PRISMA wa 2020, unaoeleza jinsi ya kuripoti mapitio ya kimfumo, unataka uonekane wote.