Kisiwa kidogo, mikahawa ishirini, menyu moja

Mleta mada, umeuliza kama kisiwa kidogo cha mapumziko kitawatosha kwa chakula kwa wiki mbili, kwa kuwa ramani ya simu inaonyesha mikahawa zaidi ya ishirini, au mlipie milo yote hotelini kabla ya kwenda. Nimefanya kazi ya manunuzi ya jikoni kwenye hoteli za visiwani, kwa hiyo nakujibu kwa macho ya mtu wa stoo.

Hiyo ishirini isikudanganye. Wote wanangoja boti moja ya mizigo na wananunua kwa wauzaji wa jumla wale wale. Mpishi wa kisiwani hupenda kitu kinachoingia kwenye sahani tano: kuku, nyanya, unga, jibini. Kiungo cha sahani moja tu kikikosa mteja kinaoza, na friza ina nafasi finyu. Ndiyo maana ufukwe mzima unakuta pitza, pasta, baga na samaki wa kuchoma, tofauti ni rangi ya viti.

Samaki nao wana mambo yao. Kuzungukwa na bahari si hoja. Kisiwa chenye wageni wengi kuliko wavuvi hula sana ngisi na kamba wa friza. Usiulize kama samaki ni freshi, maana hakuna atakayekujibu hapana. Uliza leo wamepata samaki gani. Akikutajia mmoja au wawili na kukwambia wengine hakuna, vuta kiti. Akikwambia wote wapo, na jana kutwa bahari ilikuwa imechafuka, agiza kuku.

Siku ya kwanza mkifika, ulizeni boti ya mizigo inaingia lini. Saladi na matunda kuleni siku boti inapoingia na inayofuata. Siku ya kuamkia boti, majani yamenyauka na menyu nusu yake "imeisha", hapo supu na vya kukaanga ndivyo salama yenu. Na ratiba yenyewe si msahafu. Kwenye visiwa vya Aegean kule Ugiriki, upepo wa kiangazi wanaouita meltemi huweza kusimamisha feri, tena Julai na Agosti wageni wakiwa wamejaa.

Msimu pia. Karibiani, kwa mfano, mikahawa mingi hufunga Septemba na Oktoba wakati wa vimbunga, lakini kwenye ramani bado inasoma kama ipo wazi. Pigeni simu.

Kuhusu kulipia milo yote: inategemea kisiwa. Maldives kuna hoteli nyingi zinazomiliki kisiwa kizima peke yake, hakuna pa kutoka kwenda, hapo lipieni mapema bila kujiuliza. Lakini kama kisiwa kina kijiji na bandari, chukueni kifungua kinywa tu. Kabla ya kulipa, iulizeni hoteli menyu ya bafe inazunguka kwa siku ngapi. Swali hilo huwa wageni hawaulizi, na jikoni jibu wanalo, kwa sababu limebandikwa ukutani. Mzunguko ukiwa wa siku saba, wiki ya pili mtakula wiki ya kwanza.

Sasa utofauti wenyewe uko wapi? Kwa wafanyakazi. Wajenzi, wahudumu, mafundi wa boti, wengi wametoka kwingine na wanataka chakula cha kwao. Atajitokeza mtu wa kuwapikia, mara nyingi mpishi aliyeacha kazi hotelini, nyuma ya bandari au karibu na nyumba za wafanyakazi. Menyu haipo, kuna sufuria mbili tatu, na mchana ukichelewa unakuta zimeoshwa. Kwenye ramani haonekani. Muulize anayesafisha chumba chenu anakula wapi siku ya mapumziko, si anapendekeza wapi. Swali la pili atakupa jibu alilofundishwa kazini.

Usiku msichelewe, majiko mengi ya visiwani hufunga mapema kwa sababu wapishi nao wana boti ya kuwahi. Na kama kuna mwenye mzio wa chakula au mtoto anayechagua, mzigo wake bebeni kutoka bara. Duka la kisiwani mtalikuta lina biskuti na maji.