Jibu: Kupima filta ya sintesaiza ya programu kwa sikio

Mkuu, umeuliza utajuaje kama filta ya sintesaiza ya programu (sehemu inayokata baadhi ya masafa ya sauti) inaikaribia ya analogi, yaani ya saketi halisi za umeme. Achana kwanza na sauti zinazokuja nayo, zimejaa mwangwi unaoficha kila kitu. Chukua wimbi la msumeno tupu (sauti ghafi yenye umbo la meno ya msumeno), noti ya chini, pandisha rezonansi (mkazo wa sauti pale filta inapokatia) karibu na mwisho, kisha zungusha kitasa cha katofu, yaani mahali filta inapoanza kukata, taratibu. Ukisikia sauti inaruka vingazi-vingazi badala ya kuteleza, hiyo bado. Filta ya Moog, chapa maarufu ya sintesaiza za analogi, ya desibeli 24 kwa oktava (kipimo cha ukali wa kukata) hupoteza besi rezonansi ikipanda. Nakala yake isiyopoteza hata kidogo mimi huitilia shaka. Halafu ukilinganisha mbili, sawazisha volyumu, maana sikio hupendelea yenye sauti kubwa zaidi.