Barua kwa Mwanangu: Saa Zile Zilikwenda Wapi?

Busia, Uganda

Mwanangu Zubeda,

Sisi hapa wazima, na mguu wa baba yako umepata nafuu. Umeniuliza: "Mama, teknolojia ni nini hasa, na imetusaidia au imetuharibu?" Eti huko kazini Kampala wenzako wanashikilia kwamba ni kompyuta na simu tu.

Sikubali. Hata jiwe la nyanya yako la kusagia wimbi lilikuwa teknolojia. Alilipigia magoti kabla ya jogoo kuwika, nasi binti zake tukimpokea kwa zamu. Mashine ya posho ilipoletwa sokoni, kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika chache, nami nikaacha kuchelewa shule. Lakini jiwe halikuwahi kudai senti. Mashine ilitaka pesa taslimu, na pesa alikuwa nazo baba. Mama ikambidi auze nafaka kidogo ili apate ya kusagishia iliyobaki. Na zile saa alizookoa? Zilimezwa na shamba la pamba, na pamba ilikuwa ya baba.

Kwa hiyo kila chombo kipya huwa naulizia mambo mawili: nani amepunguziwa kazi, na nani ameshika swichi.

Pesa kwa simu ilipoanza hapa Uganda mwaka 2009, niliacha kumkabidhi kondakta wa basi bahasha ya ada yako huku nikimwomba Mungu ifike. Hiyo ni nafuu kubwa, siikani. Ila Februari 2016, wakati wa uchaguzi, huduma hiyo ilizimwa pamoja na mitandao ya kijamii, na mwenye pesa zake humo hakuweza kuzigusa. Julai 2018 ikaja kodi ya asilimia 1. Watu wakapiga kelele mpaka ikashushwa kuwa asilimia 0.5, tena kwa anayetoa pesa tu. Bahasha ilikuwa na hatari zake, lakini hakuna aliyeweza kuzifunga bahasha za nchi nzima kwa siku moja.

Ulisema mnatengeneza programu ya kuwaonyesha wakulima bei ya mahindi. Niletee niwape akina mama wa hapa sokoni waijaribu kabla mabosi wenu hawajaisifu. Ujue tu kwamba wengi wao simu zao ni vitochi, zile simu ndogo za vitufe.

Mama yako