Wadogo zangu, export peke yake haidumu

Wiki hii nimeitwa mezani mara mbili kwa kilio kilekile: "Kaka, jana ilikuwa inafanya kazi!" Jana uliandika export, amri ya kuweka kigeu (thamani yenye jina ambayo programu huisoma), kwenye teminali, ukaifunga, ukaenda kulala. Ulitegemea nani akukumbukie? Kigeu hicho huishi na sheli ile, yaani programu inayopokea amri zako ndani ya teminali, na programu zinazozaliwa humo. Sheli ikifa, nacho kinazikwa. Sikilizeni, nisiitwe mara ya tatu.

1. Kiandike kwenye faili ambayo sheli huisoma inapoanza: ~/.bashrc kwa sheli ya bash, ~/.zshrc kwa sheli ya zsh. Kisha isomeshe upya kwa amri ya source, au fungua teminali mpya. Wenye Mac, zsh ndiyo chaguo-msingi tangu Catalina ya 2019, kwa hiyo acheni kuhangaika na .bashrc isiyosomwa na mtu.

2. Msiisahau $PATH, kigeu chenye orodha ya folda ambamo sheli hutafuta amri. Hapa naungama. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwenye ~/.bashrc:

export PATH=/opt/zana/bin

Basi. Nikafungua teminali mpya. ls, haipo. vi, haipo. Hata clear ya kusafisha skrini haipo, aibu ikabaki imenikodolea macho kwenye skrini. Ajabu, cd ilikubali na echo ikakubali. Sikujua kwamba hizo zimo tumboni mwa sheli yenyewe, hazitafutwi kwenye PATH. Nikaamini nimefuta diski. Kuuliza nikaona haya. Nikasimika mfumo upya usiku kucha, na kazi ya siku nne ambayo sikuwa nimeihifadhi kokote ikaenda na maji. Asubuhi mzee wetu wa seva alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani kufuta machozi ya kicheko. "Ungeandika /bin/ls tu, ungekuta faili zako zimetulia." Kumbe ningeandika export PATH=/usr/bin:/bin pale pale, nikafungua .bashrc, nikasahihisha, nikawahi kulala. Inaandikwa hivi:

export PATH="$PATH:/opt/zana/bin"

Na kabla ya kufunga teminali ya zamani, jaribu kwanza kwenye mpya. Ile ya zamani bado ina PATH nzima.

3. Ukiongeza mstari kwenye faili kwa echo, weka mishale miwili, >>, si mmoja; mmoja hufuta yote yaliyokuwemo. Aliyeweka mmoja juzi anajijua, na alias zake, vile vifupisho vya amri, hazirudi.

4. /etc/environment, faili ya vigeu vya mfumo mzima, si skripti: usiweke export, na $PATH humo hubaki herufi tupu. cron, ile inayoendesha kazi kwa ratiba, nayo haisomi .bashrc yako, usiitukane.

5. Nenosiri ndani ya .bashrc, halafu .bashrc yenyewe kwenye Git, hadharani. Wewe njoo tuongee pembeni, nikishapoa.